Magodoro Ukutani

Jumatatu, 4 Mei

Afande wangu,

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilicheka uliposema wanawaamsha kwa filimbi na kuwakusanyia simu getini kama watoto wa bweni. Vumilia. Ukitoka huko na sare ya zimamoto, hakuna mlevi atakayenibishia.

Hapa mambo yanakwenda. Baa inajaa Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine wanakaa watu watatu wanaotazama chupa moja. Tatizo lilikuwa jirani yetu wa nyuma, yule mkunga. Alikwenda ofisi ya mtaa mara ya pili, akasema bendi zinamtetemeshea vyombo kabatini, na kwamba mtu anayezalisha wake za watu mpaka alfajiri anastahili kulala. Wakaniambia sauti ikitoka tena nje, muziki basi. Nimelimaliza. Sasa sauti haitoki hata uisukume. Sikwambii nimefanyaje, utaona mwenyewe ukirudi.

Tarehe 30 tuna usiku wa metali, ule muziki wa magitaa na kunguruma, bendi tatu, ya mwisho ni ya mdogo wako. Bado anaimba kama mtu aliyebanwa kidole na mlango, lakini vijana wanampenda, na vijana ndio wanaokunywa.

Kula vizuri.

Mumeo


Jumatano, 6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini magoti bado unayo.

Shemeji kakwambia alichofanya ukumbini? Najua hajakwambia, anataka ushangae. Nitakwambia mimi, maana siri na mimi hatukai nyumba moja. Kile chuo kilichofungwa karibu na stendi kilikuwa kinauza vitu vyake. Shemeji akanunua magodoro ya bweni zima, yale membamba ya sponji. Ameyapigilia ukutani kote na kwenye dari ya juu ya jukwaa, kwa gundi na misumari. Mlango wa nyuma nao umevishwa mawili, halafu ukafungwa mnyororo na kufuli, kwa sababu sauti ilikuwa inapita pale, na wajanja walikuwa wanaingilia hapo hapo bila kiingilio. Fundi Meza, yule seremala anayetupigia ngoma, sasa anazipitisha ngoma zake mlango wa mbele, katikati ya meza za wanywaji. Anatukanwa mpaka anafika jukwaani amechoka.

Lakini sauti, Dada! Zamani gitaa lilikuwa linagonga bati na kurudi kama mtu aliyemwaga sufuria. Sasa limetulia. Nikinguruma najisikia kifuani.

Tarehe 30 anakuja mwandaaji wa lile tamasha kubwa la uwanjani. Anachukua bendi moja tu. Miaka yote hii tumewapigia walevi. Niombee.

Koromeo


Jumamosi, 9 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeipata jana baada ya gwaride, ndiyo siku wanayotugawia. Mimi mzima. Wiki hii tumejifunza kushuka ngazi na mtu begani. Mtu wangu alikuwa gunia la mchanga, na nimemwangusha mara mbili.

Nina maswali mawili, nijibu moja kwa moja. Umefanya nini kuzuia sauti? Na mlango wa nyuma unafunguka?

Najua unapenda kuwashangaza watu. Mimi sipendi kushangazwa, unanijua.

Mkeo


Jumatano, 13 Mei

Afande,

Mlango wa nyuma uko pale pale ulipouacha. Ukuta ni ule ule, nimeuvisha nguo tu.

Naona mafunzo yameanza kukuingia. Mshona viatu akialikwa mahali huangalia miguu ya watu, na wewe sasa utaangalia milango. Baa hii tumeiendesha miaka mingapi? Moto pekee ninaoujua hapa ni wa jikoni, nao huzimika wenyewe mkaa ukitushinda bei.

Tiketi zinakwenda vizuri. Lala, pumzika, mwangushe huyo gunia mara ya tatu.

Mumeo


Jumamosi, 16 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimezisoma barua zenu mbili zikiwa pamoja kitandani. Yake inasema mlango uko pale pale. Yako inasema una mnyororo. Wote mmesema kweli, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Juzi mkufunzi alitupeleka kwenye chumba cha matofali, akaweka kochi la sponji katikati, akaliwasha kwa njiti moja, akatoka na kufunga. Tulitazama kupitia kioo. Mwanzoni ulikuwa moto wa kuchekwa. Kisha moshi mweusi ukaanza kushuka kutoka darini kama pazia, na kochi lenyewe likapotea. Mwenzangu mmoja alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu, alipoinuka alikuta kioo cheusi. Mkufunzi akasema, "Aliyekuwa humo hajaungua bado. Ameshakufa." Hilo lilikuwa kochi moja. Ninyi mna bweni zima, ukutani na darini, na mlango mmoja wenye meza njiani.

Nilimuuliza, kama naulizia habari za watu wengine, ukumbi wa muziki ukipigiliwa magodoro inakuwaje. Akanitazama. "Ukumbi wa nani huo?" Nikasema nilisoma mahali. Akasema angejua ni wa nani angepiga simu kabla ya kumaliza chai, na ungefungwa.

Sitaki ufungwe. Ndiyo riziki yetu. Kwa hiyo fanya hivi. Kata kipande cha sponji sawa na kiganja chako, nenda nacho uani, kiweke juu ya jiwe, ukiwashe. Usisimame karibu. Kisha mwite shemeji yako aone cha pili. Halafu yatoeni yote na mfungue mlango.

Ijumaa ya tarehe 29 ndiyo siku ya mwisho kupokea barua kabla ya usiku wenu. Nisipopata neno kwamba yametoka, nitamwambia mkufunzi ukumbi ni wa nani.

Dada yako


Jumatano, 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimefanya. Nilikata kipande nyuma ya spika. Kilikuwa na vumbi, nikadhani hakitashika. Kilishika. Kililia kama mafuta kwenye kikaango, kikaanza kudondosha matone, na matone yenyewe yalikuwa yanawaka. Nilikikanyaga kikagandia kwenye soli. Sasa navaa ndala.

Nilimwambia shemeji. Alikuwa anapanga kreti. Akasema, "Nani atawasha kuta humu?" Nikamwambia watu wanavuta. Akasema atabandika karatasi ya kukataza sigara. Nikamwambia mlango. Akaweka kreti chini.

"Nikiyatoa," akasema, "mkunga anakwenda ofisi ya mtaa, tarehe 30 inakufa. Wewe ndiye utakayemweleza mwandaaji wako?"

Nikamsaidia kuinua kreti. Aje aone kipande cha pili sikumwambia tena.

Nitayatoa. Lakini mkufunzi usimwambie. Akipiga simu ile, tumekwisha, na siku nyingine kama hii bendi haitaipata.

Koromeo


Jumamosi, 23 Mei

Koromeo,

Umesema utayatoa. Hujasema lini.

Tarehe 29 haijasogea.

Dada yako


Jumamosi, 30 Mei, asubuhi

Mume wangu,

Jana walisoma majina ya wenye barua mpaka bahasha zikaisha. Langu halikuwamo. Nikaenda ofisini kwa mkufunzi nikamwambia ukumbi ni wa nani. Nikataja mtaa, magodoro na mnyororo. Akauliza, "Mwenye ukumbi ni nani kwako?" Nikasema ni mume wangu. Akavuta simu mbele yangu, akapiga kituo cha huko. Wakamjibu kwamba gari lao liko kwenye kazi nyingine, watatuma watu wakipatikana. Hiyo "wakipatikana" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kisha akanipa simu nikupigie. Iliita, ikaita, ikakatika. Nilirudia. Namba usizozijua hupokei, nakujua.

Barua hii itakufikia baada ya usiku wenyewe. Naandika ili ujue kuwa ni mimi, usije ukamdhania mkunga.

Mkeo


Jumapili, 31 Mei

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungelitafuta kwanza.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukuandikia. Magodoro yalikuwa bado ukutani, na mimi nilikuwa bado nataka kuimba.

Ukumbi ulijaa mpaka mtu akitaka kujikuna anaomba ruhusa. Bendi ya kwanza ilikuwa Kutu, vijana wa gereji, wanapiga kama wanaokimbizwa na mwenye gari. Nilisimama chini na watu wengine kama mtazamaji yeyote. Wewe hukuwahi kukaa mpaka mwisho, kwa hiyo nakueleza. Watu wanazunguka duara wakigongana mabega, na mtu akiteleza mikono inamdaka kabla hajafika sakafuni. Kitu kikidondoka, kiatu au miwani, aliyekiokota anakiinua juu mpaka mwenyewe akione. Mwalimu mmoja wa hesabu alibebwa juu ya vichwa kutoka jukwaani hadi kaunta, akaagiza soda akiwa bado hewani. Nilifurahi, Dada. Nilikusahau kabisa.

Bendi ya pili, Jeneza la Bati, walikuja na taa yao kubwa, wakaifunga darini kwa waya. Katikati ya wimbo nikaona duara la kahawia kwenye godoro juu ya taa. Nikatazama pembeni, nikatazama tena, duara limekua. Kisha ukatoka uzi wa moshi. Watu wakashangilia. Walidhani ni mashine ya moshi. Hatuna mashine ya moshi.

Nilipenya chini ya mikono ya watu nikachomoa waya. Taa ikazimika, wakashangilia tena. Fundi Meza alikuwa ameona nilichoona. Akapanda juu ya spika, akalikandamiza lile duara kwa taulo la kaunta lililolowa, kisha akalibana taulo hapo kwa waya wa taa. Mpiga gitaa wao akanifokea, "Koromeo, una wazimu? Umetuzimia nini?" Nilikuwa nahesabu meza zilizoko kati ya jukwaa na mlango wa mbele. Nikisema "moto," watu wote wale watakwenda kwenye mlango mmoja.

Basi sikusema moto. Nilichukua maiki nikasema, "Mnaisikia sauti hii?" Wakaguna. "Magodoro yanaimeza. Mnataka kuisikia yenyewe?" Wakalipuka. "Basi yatoeni. Moja moja, juu ya vichwa, kama mwalimu. Yapitie mlango wa nyuma."

Shemeji alikuwa ameshafika pale. Mgongo kwenye godoro la mlango, mikono ameikunja.

"Koromeo, shuka hapo." Wala hakupaza sauti.

Nikasema kwenye maiki, "Shemeji, ufunguo."

"Shuka, tuzungumze."

"Ufunguo, shemeji."

Watu wakageuza vichwa huku na kule. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Fundi Meza akakaa kwenye ngoma, akaanza kupiga ile kubwa, pigo moja moja, na ukumbi mzima ukadaka: u-fu-ngu-o, u-fu-ngu-o. Dada, shemeji sijawahi kumwona vile. Hakuwa na hasira. Aliwatazama wateja wake kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa mahakamani. Nyuma yangu darini taulo lilikuwa linafuka, mvuke au moshi sijui, nami sikutaka kugeuka, maana ningegeuka wangegeuka wote.

Akaingiza mkono mfukoni. Ufunguo ulimponyoka, ukadondoka miguuni mwa watu. Msichana mmoja akauokota, akauinua juu mpaka mwenyewe akauona.

Akafungua.

Magodoro yalitoka kwa mikono, mengine na misumari yake, yakapita juu ya vichwa kama wagonjwa. Lile la darini lilitoka la kwanza. Nilihakikisha. Nje, mkunga alisimama upande wake wa ua na tochi, akayamulika yakitoka. "Mnahama?" akauliza. Mtu akamjibu, "Bado, shangazi."

Kisha tukapiga, na mtaa mzima ulisikia. Mwandaaji aliondoka kwenye wimbo wa pili. Alimwambia mtu wa mlangoni kwamba tuna mbwembwe nyingi na muziki kidogo. Tulipokuwa tunamalizia wakaingia watu wawili wenye sare. Wakatazama kuta zenye misumari mitupu, wakautazama mnyororo sakafuni, wakamwambia shemeji kwamba wametumwa kutoka chuoni kwako. Shemeji akanitazama mimi. Hajasema nami tangu hapo.

Ulisema utafanya na umefanya. Sijui kama nakulaumu. Nikijua nitakuandikia.

Koromeo


Jumanne, 2 Juni

Mke wangu,

Barua yako imenifika leo. Wenzako waliitangulia.

Muziki umezuiwa mpaka mlango wa nyuma ufunguke kwa nje na mkunga aridhike. Magodoro yamelundikana uani, yananyeshewa. Nikipita njiani wananiimbia "u-fu-ngu-o". Jana kaniimbia muuza magazeti, mtu ambaye hata hanywi.

Elewa kitu kimoja. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na alama ya kahawia, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Umenifungia riziki kwa moto ambao haukuwaka.

Na jingine. Koromeo amemsimulia Fundi Meza habari za kochi ulilolitazama likiungua, na Fundi Meza kanisimulia mimi. Kwa hiyo seremala alijua, mdogo wako alijua, mkufunzi alijua ukumbi ni wa nani. Kwangu uliuliza maswali mawili kama karani. Kwa nini hukunieleza mimi habari za lile kochi?

Mumeo


Jumamosi, 6 Juni

Mume wangu,

Swali lako ni la haki. Nilikuuliza, ukanijibu kwa mzaha, nikakata shauri kwamba la kochi nalo utalijibu kwa mzaha. Labda ungecheka kisha ukaenda uani kimya kimya. Nimekaa nawe muda wa kutosha kujua kwamba hilo nalo lingewezekana. Nafasi hiyo sikukupa.

Simu ile siiombei msamaha. Kesho ikibidi nitakutaja tena.

Unasema moto haukuwaka. Ni kweli, na hilo utaweza kunitupia siku zote, nami sitakuwa na la kukuonyesha. Nakuomba tu ufanye nilichomwomba Koromeo. Magodoro unayo. Moja likikauka, kata kipande sawa na kiganja, kiweke juu ya jiwe, kiwashe, usisimame karibu.

Hutaki, niandikie kwamba hutaki. Usiniandikie mzaha.

Mkeo


Jumatatu, 6 Julai

Afande,

Nimekawia. Mvua ilishika, hakuna kilichokauka.

Jua lilipotoka nilikata kipande. Nilikaa juu ya kreti, karibu kabisa, kwa ubishi. Niliinuka. Kreti ilipigwa na matone, imebaki na matundu, nimeiweka ili uione. Mkunga akauliza kutoka upande wake wa ua, "Mnachoma nini kinanuka hivyo?" Nikamwita, nikamwashia cha pili. Akatazama mpaka kikaisha. "Na humo ndimo ulimowajaza watoto wa watu," akasema. "Wengine nimewazalisha mimi."  Safari hii mzaha sikuwa nao.

Magodoro yamekwenda na gari la taka. Dereva aliomba matatu wakalalie watoto wake. Nilimkatalia, akaniona mchoyo.

Fundi Meza ameugeuza mlango, unafunguka kwa nje, unausukuma kwa tumbo. Mkunga amekubali muziki mradi uishe saa tatu. Koromeo na mimi tunasemezana. Tulianzia kwenye habari za nyaya. Mwandaaji amechukua Kutu, na Koromeo amewaazima spika zake bila kuniuliza.

Juzi Jumamosi tulifungua. Bendi mbili, watu nusu ya wale. Sauti ni mbaya kama zamani, gitaa linagonga bati na kurudi. Nilikaa kaunta nimegeukia nyuma, nautazama mlango. Bendi ya pili ilipokolea, ukafunguka taratibu, wakaingia vijana watatu wameinama, bila kiingilio. Wa mwisho aliniona nimemwona. Akasimama, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Nikamwashiria apite.

Mumeo